Kutoka mchanga wa Dunga hadi meza ya maonyesho: kuunda modeli ya mashua kwa skeli ya 1:20

Mzee mmoja wa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, aliishika modeli yangu ya kwanza, akaigeuza chali, akapitisha kidole tumboni mwake, kisha akaniuliza, "Omera, hii ni mashua ama ni sinia ya kuandalia mbuta?" Vijana waliokuwa wakishona nyavu walicheka hadi nikashindwa kuinyoosha mikono niipokee. Nilikuwa nimeihangaikia wiki sita, nikitazama picha kwenye simu. Rangi ilikuwa safi na jina la ubavuni nilikuwa nimeliandika bila mkono kutetemeka, lakini chini ilikuwa bapa kama meza. Mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua unaopita chini yake, haukuwepo. Picha zangu zote nilizipiga mashua zikiwa majini, na mkuku hukaa chini ya maji.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kutamani kuunda modeli za vyombo vya majini, akavunjwa moyo na bei ya vifurushi vya vipande vya plastiki vya kuunganisha kutoka ng'ambo. Unalipia kifurushi, unalipia usafiri, unalipia ushuru, na ukifungua sanduku unakuta manowari ya nchi usiyowahi kuikanyaga. Sina ugomvi na manowari. Lakini anayeunda merikebu ya miaka mia tatu iliyopita hukisia kutokana na michoro, ilhali wewe chombo chako kimevutwa mchangani na mwenyewe ameketi kando anakunywa chai. Kipime hicho.

Kwa kweli Kisumu ilijua vifurushi vya meli kabla ya kiwanda chochote cha plastiki. William Mackinnon, meli ya mvuke, ilitoka Uskoti ikiwa vipande, na vingine vilibebwa na wapagazi kutoka pwani kabla reli haijafika hapa mwaka 1901. Usoga na Rusinga zilizofuata baadaye zilijengwa Paisley na kampuni ya Bow, McLachlan, zikafunguliwa, zikaja kwa bahari hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu, ndipo zikapigwa ribiti upya ukingoni mwa ziwa. Nikikwama na kipande kisichotaka kuingia mahali pake huwakumbuka mafundi wale. Changu angalau nakishika kwa kibano.

Kuchagua chombo na skeli

Skeli ya 1:20 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita ishirini za chombo halisi. Mashua niliyoipima mara ya pili, baada ya aibu ya sinia, ilikuwa na urefu wa mita 7.20, upana wa mita 1.60 na kina cha sentimita 62. Gawanya kwa ishirini: sentimita 36, sentimita 8, sentimita 3.1. Hicho ni kitu kinachokaa juu ya kabati bila kugombana na televisheni, na bado ni kikubwa kiasi cha kuonyesha kila msumari. Mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita 8.5.

Wapo watakaotaka kuanza na meli kubwa. MV Uhuru II, iliyojengwa hapa hapa Kisumu, ina urefu wa mita 100. Kwa 1:20 ungehitaji mita tano za sebule. Ndiyo maana wenye kuunda meli za chuma hutumia 1:200, ambapo inakuwa sentimita 50, au 1:350 na 1:700, skeli mbili zinazotawala vifurushi vya plastiki. Kwa 1:700 meli hiyo ingekuwa sentimita 14 na kidogo. Viwanda vya Kijapani vilianza mfululizo wao wa meli za 1:700 zilizokatwa usawa wa maji mwaka 1971, na hadi leo skeli hiyo haijashuka thamani. Lakini kwenye 1:700 reli ya sitaha ni nyembamba kuliko unywele, na mtu anayeanza huharibu macho na moyo kwa wakati mmoja. Kuna jambo jingine: bandari ni eneo lenye ulinzi, huwezi kuingia na tepu ukaanza kupima. Anza na mashua.

Kupima

Usitangulize kamera. Salimia, tafuta ofisi ya kamati ya ufukwe, ile wanayoiita BMU, ujieleze, kisha umwombe mwenye mashua. Ukianza kupiga picha watu hudhani umetumwa kuhesabu vyombo kwa ajili ya kodi, na siku hiyo utarudi nyumbani na picha za migongo ya watu. Nenda saa nne hivi asubuhi, walioshinda ziwani usiku wamekwisha kuuza, mashua zimevutwa, na hakuna mwenye haraka. Mimi hubeba sukari kilo moja. Kalamu mbili pia, kwa sababu moja itaazimwa.

Vifaa ni tepu, kamba, pima maji, timazi, na fito mbili zilizonyooka zenye urefu wa mita moja, ambazo umezipaka rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita kumi. Fito hizo zinafanya kazi mbili: kupimia, na kuwekwa ndani ya kila picha ili baadaye uweze kupima kitu ulichokisahau.

Fanya hivi. Omba mashua isimamishwe wima juu ya mkuku wake, ishikwe kwa magogo pande zote, kisha weka pima maji kukingama mdomo wake hadi povu litulie katikati. Funga kamba kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), juu kabisa, iwe mstari wa katikati. Weka alama kwenye kamba kila sentimita 60. Kwa mashua yangu alama zilikuwa 13 pamoja na za ncha mbili, na kwa skeli zinakaa sentimita tatu tatu. Katika kila alama simamisha fito ya rangi nje ya mashua, mita moja kamili kutoka kwenye mstari wa katikati, ukiinyoosha kwa timazi. Sasa pima kwa mlalo, sambamba na ardhi, kutoka kwenye fito hadi kwenye ubao, kila sentimita kumi za kimo. Kipimo hicho ukikitoa kwenye 100, kinachobaki ni nusu ya upana wa mashua mahali hapo. Mfano wangu mmoja: alama ya sita, kimo cha sentimita 40, kutoka kwenye fito hadi ubaoni sentimita 24. Nusu ya upana ni 76, kwa skeli ni sentimita 3.8.

Pima pande zote mbili. Fundi wa ufukweni anajenga kwa jicho, na jicho lake ni zuri sana, lakini mashua yangu ilipishana sentimita tatu kati ya kulia na kushoto. Hapo utalazimika kuamua. Ukiiga tofauti hiyo, kwenye modeli inakuwa milimita moja na nusu, na kila atakayeitazama atadhani ni wewe uliyekosea. Mimi nilichukua wastani, nikaandika hivyo kwenye kadi ya maelezo. Rafiki yangu mmoja anaiona hiyo ni dhambi. Tumekubaliana kutokubaliana.

Mwisho, pima vitu vinavyosahaulika: unene wa mbao (yangu inchi moja, yaani kama milimita 25), idadi ya mbao kila ubavu (tatu), upana wa mataruma (zile mbavu za ndani) na nafasi kati yake, umbali kati ya msumari na msumari, mahali pa kukalia, na ile ncha ya mkuku inayotokeza mbele ya omo. Majina ya sehemu yaulize pale pale. Fundi wa Lamu ana neno la Kiswahili kwa kila kipande. Dunga utajibiwa kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Andika ulivyosikia.

Kuchora na kutengeneza vibao vya umbo

Hamisha vipimo kwenye karatasi ya grafu usiku huo huo, kabla hujasahau ni kwa nini uliandika "hapa kama goti". Chora mashua mara tatu: kutoka ubavuni, kutoka juu, na kutoka mbele ukipandanisha maumbo ya alama zote. Mistari ikiwa na nundu mahali fulani, nundu hiyo ni kosa la kupima. Lainisha kwa fimbo ya plastiki inayopindika au waya uliofunikwa plastiki. Nundu moja ya milimita kwenye karatasi itakusumbua mwezi mzima kwenye mbao.

Kila umbo la alama lipunguze unene wa ubao, milimita 1.25 kuzunguka, kisha likate kwenye plaiwudi ya milimita tatu. Hivyo ndivyo vibao vya umbo, kumi na kimoja kwa mashua yangu. Vipigilie juu ya ubao ulionyooka, mashua ikiwa imepinduliwa, kila kimoja sentimita tatu kutoka kwa mwenzake. Mashua yetu ni wazi, ndani yote huonekana, kwa hiyo vibao hivi vitatolewa baadaye. Zungushia seloteepu kila ukingo wake ili gundi isishike. Mara ya kwanza nilipuuza hilo, nikaja kuvichonga vibao kutoka ndani kwa patasi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetoa meno.

Mbao, gundi na mkuku

Kwa mkuku tumia mvule. Mafundi wa mashua hutupa vipande, na kipande cha urefu wa mkono kinatosha modeli tatu. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa maana vumbi la mvule huwasha pua na ngozi. Kama ungependa kuchonga modeli ndogo ya gogo moja kabla ya hii, tafuta jakaranda, laini na haina kiburi. Au ule mti mwepesi wa kinamasi ambao wavuvi hukata maboya, unaochongeka kwa wembe.

Kwa mbao za ubavuni nenda kwa maseremala wa soko la Kibuye uulize mabaki ya vinia, zile mbao nyembamba za kufunikia samani. Nyingi huwa na unene wa milimita 0.6 hivi. Tabaka mbili zinafika 1.2, na ile nukta sufuri tano inayopungua hakuna jaji atakayeiona. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao. Ile gundi kali inayokauka kwa sekunde iwe ya dharura tu, sababu huacha ukungu mweupe unaozunguka kiungo na rangi haiufichi.

Sasa kuhusu tabaka mbili, nisikilize vizuri. Nilibandika vinia mbili mezani, zikakauka vizuri chini ya jiwe, nikazikata, nikaziloweka kwenye maji ya moto ili zipindike. Baada ya dakika kumi zilikuwa zinaelea beseni zikiwa zimeachana kama maganda ya kitunguu. Gundi nyeupe ya kawaida inalainika ikiloweshwa. Njia iliyo sawa ni kuloweka tabaka moja moja, robo saa kwenye maji ya moto, kuzifunga kwenye vibao vya umbo kwa vibanio vya nguo na mpira, kuziacha zikauke usiku kucha zikiwa zimeshika mpindo, na asubuhi ndipo kuzibandika pamoja zikiwa kavu, pale pale kwenye vibao. Zikikauka tena hazirudi nyuma.

Kupigilia mbao

Kabla ya kukata ubao wowote tengeneza kielelezo cha karatasi. Laza karatasi juu ya vibao vya umbo, ishike kwa pini, pitisha penseli kwa ulalo kwenye kingo hadi alama zitokee, kisha ikate. Utashangaa: ubao unaoonekana umenyooka ukiwa kwenye mashua, ukiulaza mezani una umbo la ndizi. Wanaokata mbao zilizonyooka na kuzilazimisha ndio hupata mashua yenye mdomo uliobetuka. Ukishapata kielelezo cha kulia, kigeuze upate cha kushoto.

Anza na ubao ulio karibu na mkuku, upande wa kulia. Unaofuata uwe wa kushoto. Kisha kulia, kisha kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gundi inavyokauka inavuta, na mkuku unapinda kama upinde wa mshale. Hakuna dawa ya hilo isipokuwa kuanza upya. Usiharakishe kwa sababu jioni ni moja na stima ipo. Ubao mmoja kwa siku ni mwendo mzuri. Modeli yangu ilichukua siku nane kwa mbao sita, kwa kuwa mbili nilizirudia.

Vibao vya umbo vikishatolewa, mashua itakuwa nyepesi na legelege kama ganda la yai. Ingiza mataruma mara moja, jioni ile ile. Mimi hutumia vijiti vya mishikaki vya mwanzi, nikivipiga msasa hadi viwe mraba wa milimita mbili, kisha navipinda juu ya sufuria yenye moto. Mwanzi ukipata joto unatii. Hesabu mataruma ya mashua halisi uweke idadi hiyo hiyo. Ukiongeza mawili ili modeli iwe imara, mzee wa Dunga ataona.

Bati, misumari na nyavu

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na hapa ndipo modeli inaacha kuwa mtumbwi wa watoto.

Mashua niliyoipima ilikuwa na vipande virefu vya bati vilivyopigiliwa juu ya viungo vya mbao kuzuia maji. Bati jepesi la kuezekea lina unene wa kama milimita 0.3. Kwa skeli ya 1:20 hiyo ni milimita 0.015. Nilijaribu kopo la soda, likaonekana kama kifaru cha vita. Karatasi ya fedha ya jikoni, ile ya kufungia nyama ya kuoka, ina unene wa milimita 0.016 hivi. Ni kama iliundwa kwa ajili yetu. Kata vipande vya milimita tatu kwa wembe mpya juu ya kioo, vibandike kwa gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, kisha visugue kwa kijiti cha meno hadi vikumbatie ubao. Kwa misumari, dunga kwa ncha ya sindano isiyo kali kutoka upande wa nyuma wa karatasi kabla hujaibandika. Upande wa mbele unatokea uvimbe mdogo kama kichwa cha msumari. Nafasi kati ya misumari uliipima, itumie. Katika mashua yangu ilikuwa sentimita nane, kwa hiyo milimita nne. Ubavu mmoja ulinipa vichwa zaidi ya mia moja sabini, na ni kazi nzuri ya kufanya huku ukisikiliza mpira redioni.

Wavu ni bendeji ya gozi iliyolowekwa kwenye chai ya rangi. Maboya kata kutoka kwenye sapatu kuukuu, kwani hata maboya halisi mengi hutoka kwenye sapatu. Kwa tanga, leso ni nzito mno. Tumia karatasi laini ya kufungia zawadi, uipake gundi iliyotiwa maji, uikunje ingali mbichi. Ukitaka kuiga tanga la magunia yaliyoshonwa, chora mishono kwa penseli kabla ya kulowesha.

Rangi

Nitapita haraka hapa, kwa kuwa kila mtu ana rangi zake. Msasa namba 240, halafu 400. Rangi ya kwanza iwe nyepesi ya kijivu, maana ndiyo inayofichua mikwaruzo. Rangi ya mafuta ya madukani hufaa ukiipunguza kwa tina na kuipaka mara tatu nyembamba badala ya mara moja nzito, fungua madirisha. Isiwe ya kung'aa. Na iongezee nyeupe kidogo kuliko ile uliyoiona ufukweni, kwani kitu kidogo chenye rangi kali huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile.

Uchafu ni wa lazima, lakini uchafu una mahali pake: mkwaruzo pale mashua inapovutwa mchangani, ukijani kwenye mstari wa maji, masizi karibu na mahali pa taa kama ni mashua ya omena. Mkaa uliosagwa na chaki vinatosha. Namba ya usajili nilibadilisha tarakimu mbili. Mwenyewe aliniomba.

Kuionyesha

Usisubiri hadi mtu aanzishe shindano la meli tupu. Maonyesho ya kilimo ya ASK, Nakuru na Kisumu, yana mabanda ya shule, vyuo na kazi za mikono, na modeli iliyoshikizwa kwenye banda la mtu mwingine huonwa na watu wengi kuliko ingeonwa kwenye ukumbi wa wajuzi. Ubaya ni kwamba hutajua utapimwa kwa kigezo gani. Katika maonyesho fulani, ambayo sitayataja, yangu iliwekwa kati ya vikapu na vyungu, na jaji akaniuliza inabeba kilo ngapi. Nikamwambia haibebi. Akaandika kitu, akaenda kwenye vyungu.

Tangu siku hiyo huweka kadi mbele ya modeli, herufi kubwa: aina ya chombo, skeli, urefu wa chombo halisi, mahali na mwaka nilipokipima, na vitu nilivyotumia. Kando yake naweka daftari la vipimo likiwa wazi. Huo si ujanja wangu. NAVIGA, shirikisho la kimataifa la waundaji modeli za meli lililoanzishwa mwaka 1959, hudai michoro na ushahidi kutoka kwa anayeunda bila kifurushi, na hupanga modeli kwa madaraja: vyombo vya makasia na matanga ni C1, vya injini C2, meli ndani ya chupa C5. Mashua yetu ni C1. Medali huko hutolewa kwa kiwango ulichofikia, kwa hiyo watu watatu wanaweza kuondoka na dhahabu siku moja. IPMS, chama cha waundaji wa modeli za plastiki kilichozaliwa Uingereza mwaka 1963, kina matawi katika nchi nyingi, na onyesho lake kubwa hufanyika Telford kila Novemba.

Majaji wenye uzoefu, popote walipo, huanza na mambo ya chini kabisa kabla ya kusifu ufundi. Je, imekaa sawa ukiitazama kutoka nyuma? Kuna gundi iliyovuja? Alama ya kidole kwenye rangi? Unywele wa brashi? Nyuzi zimekazwa sawa? Modeli sahili iliyo safi huishinda ile yenye mbwembwe na kiungo kilichoachama. Kwa hiyo wiki moja kabla ya onyesho usiongeze kitu kipya. Chukua tochi, imulike kwa ulalo, utafute makosa, urekebishe hayo tu.

Ukiwa na wenzako watano au sita, andaeni meza yenu wenyewe. Ukumbi wa kanisa, darasa, hata kibanda cha ufukweni. Kila mmoja alete modeli moja, na mwalikeni mvuvi mmoja awe jaji pamoja na fundi mmoja wa samani. Hao wawili wataona mambo ambayo nyinyi mmekwisha kuyazoea.

Kwa mashindano ya picha, shusha simu. Macho ya mtu aliyesimama yako kimo cha kama sentimita 160, kwa hiyo lenzi iwe sentimita nane juu ya usawa wa modeli. Weka meza ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, modeli ukingoni mwa meza, ziwa halisi nyuma yake, na sehemu ya meza ifunikwe mchanga uliochekechwa. Usiiweke majini. Tone la maji halipungui kwa skeli. Kwenye picha litakuwa na ukubwa wa kichwa cha mvuvi.

Kuisafirisha

Modeli isikae tu juu ya stendi, ifungwe kwa skrubu mbili kupitia mkuku, na stendi nayo ifungwe chini ya sanduku. Mlingoti uwe wa kuchomoka. Kutoka Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho kuna matuta ambayo hakuna gundi iliyojaribiwa kwayo, na wangu ulikatika kabla hatujafika Ahero, sanduku likiwa mapajani mwangu. Lipia kiti cha pili kama unaweza. Usikubali lipandishwe juu ya gari hata kondakta akiapa.

Jambo ambalo halikunijia akilini: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na hewa yake ina unyevu wa ziwa, Nakuru iko juu zaidi, karibu 1,850, na hewa ni kavu. Vinia inasinyaa. Viungo vilivyofungana vizuri nyumbani vilikuwa na nyufa za unywele siku ya pili ya onyesho. Sasa baada ya kumaliza mbao, na kabla ya rangi, huiacha modeli wiki mbili juu ya kabati chini ya mabati, mahali pakavu na pa joto, ipasuke kama inataka kupasuka, kisha naziba.

Beba kifuko cha matengenezo: gundi, kibano, wembe, uzi, chupa ndogo ya kila rangi uliyotumia. Beba pia ganda moja bovu la mashua, lile lililopinda mkuku, uliweke mbele ya meza. Watoto watataka kugusa, na watu wazima zaidi yao. Waachie hilo.

Watauliza bei. Mimi huhesabu siku, si vifaa, maana vifaa vyote havikufika shilingi elfu moja mia tano, na anayesikia hivyo hutaka kulipa elfu mbili. Ya pili sikuiuza. Niliipeleka Dunga kwa mzee yule, akaigeuza chali kama kawaida yake, akahesabu mataruma kwa ukucha, akanirudishia. Kafi, akasema, ni fupi. Nikapima tena kafi yake. Ilikuwa fupi kwa milimita tano.